Viashiria vya damu katika saratani ya kibofu: namba inavyosomwa na isivyopaswa kusomwa

Tuanze na karatasi yenyewe. Ni majibu ya picha kamili ya damu, kipimo ambacho hata hospitali nyingi za wilaya zinacho. Mgonjwa wa mfano wetu ni mzee wa miaka 61 aliyekutwa na saratani ya kibofu cha mkojo iliyokwisha kuzama kwenye msuli wa kibofu. Kwenye mstari wa neutrofili pameandikwa 7.2, na kwenye mstari wa limfosaiti 1.2; hizo ni aina mbili za chembe nyeupe za damu. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 6.

Hiyo sita mara nyingi haimo kwenye karatasi. Lakini daktari wa saratani akiipiga hesabu kichwani anapata fununu ya mwelekeo wa ugonjwa, kwa sababu katika tafiti nyingi zilizofanyika Ulaya, Asia na Marekani, wagonjwa wa saratani hii wenye uwiano mkubwa kama huo wameishi, kwa ujumla wao, muda mfupi kuliko wenye uwiano wa 2. Kitu cha namna hiyo, kinachopimika kwenye damu na kinachokwenda sambamba na muda wa kuishi, ndicho kinachoitwa kiashiria cha ubashiri.

Neno ubashiri lisituchanganye. Huku si kupiga ramli, wala hakuna anayejua siku ya mtu. Daktari anayebashiri anasema hivi: wagonjwa waliofanana na wewe kwa mambo kadhaa waliishi muda wa namna hii. Anazungumzia kundi. Wewe umo ndani ya kundi hilo, lakini hujui umesimama wapi.

Kabla ya kuendelea, nitenganishe mambo mawili ambayo nimeona yakiwapotosha watu. La kwanza ni jina. Kwa Kiswahili cha mtaani saratani ya kibofu na saratani ya tezi dume huchanganywa sana, kwa kuwa zote huharibu mkojo na zote huwapata zaidi wanaume wenye umri. Kipimo cha damu cha PSA ni cha tezi dume. Hakisemi lolote kuhusu saratani ya kibofu. La pili: hakuna kipimo cha damu kinachotosha kuthibitisha kwamba mtu ana saratani ya kibofu. Hiyo hugunduliwa kwa kuingiza kamera ndogo kwenye njia ya mkojo, kuchukua kinyama na kukipeleka maabara. Viashiria tunavyovizungumzia hapa vinaingia baadaye, ugonjwa ukishajulikana, na swali likiwa limehama kutoka “ni nini?” kwenda “utakwendaje?”

Sasa kwa nini damu ijue habari za uvimbe ulio kwenye kibofu? Kwa sababu saratani haikai peke yake kimya. Inauchokoza mwili mzima. Uvimbe na tishu zinazouzunguka humwaga kemikali za kuashiria majeraha, na uboho wa mifupa huitikia kwa kutoa neutrofili nyingi, kama unavyofanya mtu akiwa na jipu. Neutrofili ni askari wa haraka dhidi ya bakteria, lakini mbele ya saratani msaada wao mara nyingi humfaa adui: hutoa vichocheo vya kuotesha mishipa mipya ya damu inayoulisha uvimbe, na hupunguza makali ya limfosaiti. Limfosaiti ndizo zenye uwezo wa kuitambua seli ya saratani na kuiua. Uwiano wa hizo mbili ni kama mizani inayoonyesha upande upi umelemewa. Mwanasayansi wa Kijerumani Rudolf Virchow aliziona chembe nyeupe ndani ya uvimbe wa saratani tangu mwaka 1863. Kilichochelewa ni kuelewa zilikuwa zikifanya nini mle.

Ini nalo hushiriki. Mwili ukiwa kwenye uchochezi wa muda mrefu, yaani ukiwa unaendelea kuitikia kama vile una jeraha, ini huongeza protini iitwayo CRP na kupunguza albumini, protini kuu inayozuia maji yasivuje kutoka kwenye mishipa. Mgonjwa asiyekula vizuri albumini yake hushuka zaidi. Kuna alama za Glasgow zinazounganisha hizo mbili: CRP ikizidi miligramu 10 kwa lita na albumini ikiwa chini ya gramu 35 kwa lita, mgonjwa anapata alama 2, na ubashiri wake ni mgumu zaidi. Jambo moja hapa husahaulika sana. CRP hupanda na kushuka haraka, kwa kuwa nusu yake huondoka kwenye damu kwa takriban saa 19. Albumini huchukua kama wiki tatu kupungua nusu. Kwa hiyo CRP ni habari ya juzi na jana, albumini ni habari ya mwezi. Ukizisoma pamoja bila kuuliza zilipimwa lini na mgonjwa alikuwa na hali gani siku hiyo, unaweza kukosea.

Kisha kuna wingi wa damu wenyewe, yaani hemoglobini, na hapa ndipo saratani ya kibofu inapojitofautisha na nyingine. Dalili yake kubwa ni kukojoa damu, mara nyingi bila maumivu, kwa hiyo mgonjwa anapoteza damu kidogo kidogo kila siku. Uchochezi nao hukifungia chuma ghalani, uboho ukakosa malighafi ya kutengenezea chembe nyekundu. Uvimbe ukiziba mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, figo hudhoofika na kupunguza homoni ya kuhimiza utengenezaji wa damu. Njia tatu zinakutana kwenye namba moja. Ndiyo maana hemoglobini iliingia katika hesabu ya ubashiri iliyochapishwa mwaka 2010 na kundi lililoongozwa na daktari wa saratani Joaquim Bellmunt, kutokana na wagonjwa 370 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa na tiba ya kwanza ya kemikali yenye platinamu ilikuwa imeshindwa. Maswali yalikuwa matatu: je, hemoglobini iko chini ya gramu 10 kwa desilita? Je, ugonjwa umefika kwenye ini? Je, nguvu za mgonjwa zimepungua kiasi cha kutomudu tena kazi nzito? Wasio na hata moja kati ya hayo, kipimo cha kati cha kuishi kilikuwa miezi 14.2. Wenye yote matatu, mwezi 1.7.

Hapo kwenye “kipimo cha kati” ndipo familia nyingi zinapoumia bila sababu. Wapange wagonjwa kwenye foleni, kuanzia aliyeishi siku chache hadi aliyeishi miaka. Yule aliyesimama katikati ya foleni ndiye anayetoa namba. Nusu ya foleni iko nyuma yake, nusu iko mbele, na wale wa mbele wengine wako mbali sana. Mtu akiambiwa “miezi kumi na nne” akaenda kuhesabu kwenye kalenda, hajaelewa alichoambiwa, na kosa mara nyingi ni la aliyemwambia.

Namba hizi pia huzeeka. Zile za 2010 zilipatikana kabla ya dawa za kuamsha kinga hazijaanza kutumika kwa ugonjwa huu. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya wagonjwa wenye saratani iliyosambaa waliopewa enfortumab vedotin, dawa inayobeba sumu hadi kwenye seli ya saratani, pamoja na pembrolizumab, dawa ya kuamsha kinga, tangu mwanzo wa tiba: kipimo cha kati cha kuishi kilikuwa miezi 31.5, dhidi ya 16.1 kwa waliopewa kemikali za kawaida. Hao hawakuwa wagonjwa wa aina moja na wale 370, kwa hiyo namba hazilinganishwi moja kwa moja, lakini zinaonyesha jinsi uwanja ulivyobadilika. Bila shaka dawa hizo ni ghali kupindukia, na kwa mgonjwa wa Kahama au Garissa ubashiri unaomhusu ni ule wa tiba anayoweza kuipata kweli.

Na hapa niseme linalonigusa zaidi. Tukizichukua namba hizi kama zilivyo na kuzibandika kwa wagonjwa wetu wa Afrika Mashariki, tunawadanganya. Kwanza, saratani yenyewe inaweza kuwa nyingine. Ulaya na Marekani, saratani nyingi za kibofu huanzia kwenye utando wa ndani wa njia ya mkojo, na sigara ndiyo chanzo kikuu. Kwetu, penye kichocho cha mkojo, kama Shinyanga, Simiyu, Pemba, Kwale na bonde la Mto Tana, kuna ile ya seli bapa, inayotokana na mayai ya minyoo kukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuuchubua kwa miaka mingi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka minyoo hiyo kwenye kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa mwaka 1994. Tafiti nyingi za viashiria vya damu zilifanywa kwa wagonjwa wa aina ile ya kwanza.

Pili, damu yetu ina mambo yake. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana protini iitwayo alama ya Duffy juu ya chembe nyekundu. Urithi huo huwakinga sana na malaria ya vivax, na huenda pamoja na neutrofili chache kwenye damu, bila ugonjwa wowote. Fikiria mtu ambaye akiwa mzima ana neutrofili 1.8 na limfosaiti 2.0, uwiano wake ni 0.9. Akipata saratani neutrofili zikapanda mara tatu hadi 5.4, uwiano unakuwa 2.7. Kwa daktari anayetumia mpaka wa 3, mtu huyu yuko salama. Ukweli ni kwamba mizani yake imeinama vibaya. Na mpaka wenyewe haukubaliwi na wote: wengine hutumia 2.5, wengine 3, wengine zaidi.

Upande mwingine, VVU hupunguza limfosaiti, na malaria nayo huzishusha kwa muda. Sindano ya deksamethasoni hupandisha neutrofili na kushusha limfosaiti ndani ya saa chache. Hemoglobini ya 9 kwa mwanamke anayelima mpunga majarubani inaweza kutokana na minyoo, kichocho au hedhi nzito kabla hata saratani haijachangia chochote. Kichocho, kwa upande wake, hupandisha esinofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, ambazo hazimo kabisa kwenye uwiano huu.

Lipo pia jambo ambalo ni dogo kwa kulitamka lakini lina uzito: kiashiria cha ubashiri si lazima kiwe kiashiria cha dawa. Uwiano wa 6 unasema hali ni ngumu. Hausemi dawa ipi itafanya kazi. Kiashiria cha damu kinachoamua tiba moja kwa moja ni kile ambacho watu hawakihesabu kuwa kiashiria kabisa, yaani kreatinini, taka ya misuli inayosafishwa na figo. Kutokana nayo hukadiriwa uwezo wa figo kusafisha damu, na kwa kawaida sisplatini, dawa ya kemikali yenye platinamu, hutolewa kwa mwenye angalau mililita 60 kwa dakika. Kutoa sisplatini pamoja na dawa nyingine kabla ya kuondoa kibofu huongeza wanaofikisha miaka mitano kwa takriban 5 katika kila 100.

Kiashiria kipya kinachojaribu kuziba pengo hilo ni vipande vya DNA ya saratani vinavyoelea kwenye damu. Baada ya kibofu kuondolewa, maabara husoma jeni za uvimbe uliokatwa, kisha hutafuta alama zilezile kwenye damu ya mgonjwa kila baada ya wiki kadhaa. Katika jaribio la IMvigor011, lililotoa matokeo mwaka 2025, wagonjwa ambao damu yao ilikuwa na vipande hivyo huku picha za CT zikiwa safi walipewa atezolizumab, dawa ya kuamsha kinga, au dawa bandia. Kipimo cha kati cha kuishi kilikuwa miezi 32.8 kwa waliopata dawa na 21.1 kwa wasioipata. Ambao damu yao iliendelea kuwa safi hawakupewa dawa, na wengi mno kati yao hawakurudiwa na ugonjwa ndani ya mwaka wa kwanza. Hapo kiashiria kimefanya kazi mbili: kimebashiri, na kimeonyesha nani wa kutibiwa na nani wa kuachwa apumzike. Ni kipimo cha maabara kubwa na fedha nyingi, lakini naamini huko ndiko mambo yanakoelekea.

Turudi kwa mzee wetu na ile sita. Binti yake ameshasoma kwenye simu, na anauliza kabla hata hajakaa vizuri: “Dokta, sita ni mbaya?” Daktari hajibu swali hilo kwanza. Anauliza mpira wa mkojo aliowekewa mzee una siku ngapi. Kumi na mbili. Anaagiza mkojo uoteshwe maabara, na wanakuta bakteria. Mzee anatibiwa, mpira unabadilishwa, na wiki tatu baadaye damu inapimwa upya: neutrofili 4.1, limfosaiti 1.6. Uwiano ni 2.6. Saratani haijaenda popote na bado imo kwenye msuli. Lakini sehemu kubwa ya ile sita ilikuwa ni maambukizi, na kama karatasi ya kwanza ingechukuliwa kuwa neno la mwisho, huenda familia ingemrudisha mzee kijijini.

Binti anazikunja karatasi zote mbili na kuziweka kwenye bahasha moja, ya zamani nyuma, mpya mbele. Daktari ameshahamia kwenye kreatinini, anakokotoa kama figo za mzee zitaimudu sisplatini kabla ya upasuaji.