Jenerali mstaafu akizungumza runingani, si jeshi lililozungumza

Kwenye magrupu ya WhatsApp huzunguka kila mara kipande cha video cha jenerali mstaafu wa jeshi la anga la Marekani akichambua siasa au vita. Chini yake huandikwa: "Jeshi limeshasema," au "Huyu ana siri zote, jenerali hastaafu."

Sivyo. Akishastaafu, hana kikosi anachokiongoza wala mamlaka ya kulisemea jeshi. Hata ruhusa ya kusoma nyaraka za siri kwa kawaida hukoma anapoondoka, isipokuwa apate kazi nyingine inayoihitaji. Anayoyasema ni maoni yake. Yana uzito akieleza jinsi ndege za kivita zinavyojazwa mafuta angani au mashambulizi yanavyopangwa. Akitabiri uchaguzi, ni mchambuzi kama wengine.

Mkanganyiko huu unaeleweka. Cheo anabaki nacho, pensheni anapokea, na sheria za kijeshi za Marekani bado zinaweza kumfikia. Tena huitwa "jenerali" tu, awe wa nyota 1 au 4.

Kuhakiki si kazi ngumu. Wasifu rasmi wa majenerali hao uko kwenye tovuti ya jeshi lenyewe, mara nyingi pamoja na tarehe ya kustaafu. Tazama pia anafanya kazi wapi sasa, maana baadhi yao ni washauri wa kampuni za silaha. Kwangu hilo ni muhimu kuliko nyota zake. Kauli ya jeshi hutolewa na msemaji wake. Video isiyo na jina, tarehe wala chanzo, tafadhali usiisambaze.