Idadi ya waliofanyiwa ukatili hutegemea ulivyouliza

Majalada ya polisi hayawezi kutuambia ni wanawake wangapi nchini wanafanyiwa ukatili. Yanatuambia walioripoti, nao ni wachache. Ndiyo maana sisi watafiti huchukua sampuli ya kaya na kuwauliza wanawake wenyewe.

Ugumu uko kwenye swali. Ukiuliza, "Umewahi kufanyiwa ukatili?", wengi watajibu hapana, kwani kofi la mume hawalihesabu kuwa ukatili. Kwa hiyo dodoso hutaja kitendo kimoja kimoja: amewahi kukupiga kofi? Kukukaba? Kukulazimisha kufanya naye ngono? Halafu: ni katika miezi 12 iliyopita, au zamani? Vipindi hivyo viwili hutoa takwimu mbili tofauti, na kila mara nasikitika kuziona zimechanganywa katika habari moja.

Faragha nayo ni sehemu ya kipimo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 unataka kila kaya ahojiwe mwanamke mmoja tu, akiwa peke yake, na utafiti utambulishwe kwa jina lisilotaja ukatili, kwa mfano afya ya wanawake. Mtu akiingia, mdodosaji hubadilisha mada papo hapo. Mume akijua kilichoulizwa, mkewe anaweza kupigwa kwa sababu yetu. Hakuna takwimu inayostahili gharama hiyo. Tena mwenye hofu hunyamaza, na ukimya wake huingia kwenye hesabu kama "hapana".

Utafiti wa shirika hilohilo uliotolewa 2005, uliohoji wanawake zaidi ya 24,000 katika nchi 10, ulionyesha hilo waziwazi. Mwishoni mhojiwa alipewa karatasi yenye picha za nyuso mbili, atie alama kwa siri kama aliwahi kudhulumiwa kingono utotoni. Katika maeneo mengi, waliokiri kwa karatasi walikuwa wengi kuliko waliokiri kwa mdomo.

Basi tusiharakishe kupanga nchi kwa ubaya. Katika utafiti wa Umoja wa Ulaya wa 2014, asilimia 52 ya wanawake wa Denmark walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au kingono, na Poland asilimia 19. Tofauti hiyo inaweza kutokana na ukatili wenyewe, lakini pia na uhuru wa kuusema. Asilimia ikipanda nchini kwako, kabla ya kulaumu au kusifu, linganisha dodoso la utafiti wa awali na la utafiti mpya, kisha uliza wadodosaji walifunzwa kwa muda gani.