Je, wajua kwa nini kikaango cha chapati hakishiki kutu ila wavu wa nyama choma unashika?

Fundi wa kuchomelea alinitengenezea jiko la nyama, pipa limepasuliwa katikati, miguu ya bomba, wavu wa nondo. Wiki ya tatu wavu mwekundu. Nikaambiwa paka mafuta, basi nikamwagia alizeti ya kutosha tena wavu ukiwa wa baridi, nikafunika na turubai nikalala na amani yangu. Baada ya wiki mbili wavu unanata kama gundi, umenasa vumbi na inzi wawili, na chini ya ule utelezi kutu inaendelea na maisha yake.

Mi nilijua mafuta ni koti la mvua, ukishalivisha chuma umemaliza. Wapi. Kutu inataka maji na oksijeni tu, chumvi inakuja kuharakisha (ya kwenye nyama, na ukikaa pwani hata ya upepo). Mafuta mabichi yanachuruzika, yanajikusanya matone matone, yanaacha chuma wazi, na hata pale yalipobaki unyevu unapenya mdogo mdogo. Turubai nalo lilifungia jasho ndani. Na majivu niliyoyaacha nikiona ni makavu, kumbe yanavuta unyevu wa hewani kama chumvi ya mawe.

Sasa kitazame kile kikaango cha chapati cha nyumbani, cheusi, kinang'aa, hakijaonja sabuni miaka, kutu hakuna. Nacho kinga yake ilianza kama mafuta.

Tofauti ni moto. Chukulia mafuta ni miyaa ya kusukia mkeka iliyotawanywa sakafuni: ukimwaga maji yanapita katikati. Ukiyapasha mafuta mpaka yaanze kutoa moshi, oksijeni inaingia kwenye zile molekuli, kila moja inamshika jirani yake, jirani anamshika wa pembeni, mpaka miyaa yote imesukwa mkeka. Hapo si mafuta tena, ni ngozi ngumu nyeusi iliyong'ang'ania chuma. Ule unjano unaonata ukutani juu ya jiko la kukaangia ni mkeka huohuo, umesukwa nusu. Kinachonifurahisha ni kwamba oksijeni ileile inayokula chuma ndo inayosuka kinga yake.

Ila ukipaka nene, juu panakauka chini panabaki pabichi, ndo ule unato wangu na wale inzi. Kwa hiyo sugua kutu na brashi ya waya, kausha wavu motoni, pitisha mafuta kisha yafute kabisa kama vile ulikosea kuyapaka, halafu choma mpaka moshi ukatike. Rudia mara tatu nne. Mafuta ya nazi yanashikana kwa shida, alizeti inashikana haraka, japo wapo wanaolalamika kwamba inabanduka magamba, na hapo tunategemea zaidi uzoefu wa wapishi kuliko maabara.

Pale mkaa unapokaa usijisumbue. Mkaa uliokolea unapita nyuzijoto 700, mkeka wote unageuka majivu, rangi ya kawaida nayo hivyohivyo. Hata zinki inayopakwa mabati yasishike kutu inayeyuka kwenye 420 hivi, na mvuke wake sio wa kuvuta wala wa kugeuzia mishkaki. Mi nimetandika bamba nene la chuma tupu, namwaga majivu yakishapoa, likitoboka narudi kwa fundi.