Deni la Kenya haliko China
Tangu reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa China, ilipozinduliwa mwaka 2017, wengi wameamini kwamba deni la Kenya karibu lote liko China. Sivyo. Zaidi ya nusu ni deni la ndani, yaani fedha ambazo Hazina ya Taifa hukopa kwa kuuza hatifungani (hati za mkopo zinazolipa riba) kwa benki, mifuko ya pensheni na kampuni za bima, na hata kwa mama mboga aliyenunua M-Akiba, hatifungani ya serikali iliyouzwa kwa simu, ya shilingi 3,000. Na katika deni la nje, Benki ya Dunia inatudai kuliko China. Na kwa kuwa serikali hukopa sana hapa nchini, bajeti ikiwa na nakisi kubwa, yaani matumizi yakizidi mapato, benki huona heri kuikopesha serikali, na mfanyabiashara mdogo, ambaye hakukopa reli yoyote, hutozwa riba ya juu.