Satpura ina chui-milia, acheni kubisha

Mtu akianza kupanga safari ya India, na nikimtajia hifadhi ya Satpura badala ya ile maarufu ya Ranthambore, sentensi ni ile ile: "Satpura hakuna chui-milia, nipeleke Ranthambore." Wapo! Makadirio ya 2022 yaliipa India chui-milia 3,682, na Madhya Pradesh, jimbo la Satpura, likaongoza kwa 785. Ila kuwapo kwa mnyama na kuonekana kwake ni mambo mawili.

Satpura pamoja na ukanda wake wa nje ina zaidi ya kilometa za mraba 2,100 za milima, makorongo, misaji na mianzi, na magari ya wageni yanagusa kipande tu. Chui-milia akilala hatua thelathini ndani ya mianzi, utampita. Tena wa Ranthambore wamekua wakisikia injini. Wa Satpura wengi wakiisikia hujiondokea. Kama kuzoea magari kuna heri kwa mnyama, mimi nina wasiwasi, ingawa ndiko kunakotulisha sisi wa biashara hii.

Mazoea ya Mara yaache nyumbani. Hapa gari haliachi barabara, na kazi kubwa ni ya masikio. Chitali, paa wa madoadoa, hushtuka kwa kila kitu, kwa hiyo akilia mara moja endelea na safari. Kima langur yuko juu ya mti na anaona mbali: akikohoa mfululizo huku macho yote yako upande mmoja, simama. Sambari, kulungu mkubwa wa India, ndiye shahidi mzito. Mlio wake ni wa ghafla na wa kishindo, mkia juu, anapiga kwato la mbele chini. Akiurudia, zima injini.

Hapo ndipo wageni wanapoharibu. Dakika tano zikipita wanamsukuma dereva: "Twende kule kwenye sauti!" Kule kuna kichaka. Cha kufanya ni kukisia mnyama anaelekea wapi, penye maji au njia ya mchanga, na kumtangulia pale atakapovuka barabara, kisha kutulia dakika ishirini au zaidi. Milio ikikatika usidhani kaondoka, huenda kalala. Na sambari naye humlilia chui wa kawaida vilevile. Mwongozaji anayeapa kwamba ametofautisha kwa mlio tu, mimi simwamini.

Nyayo zinasaidia kidogo. Kingo zikiwa kali na hakuna alama ya tairi wala ya mdudu juu yake, ni mbichi. Wayo wa dume una umbo la mraba, wa jike umerefuka. Msiombe idadi kutokana na nyayo: hesabu ya namna hiyo iliachwa baada ya hifadhi ya Sariska kugundulika imebaki bila chui-milia mwaka 2005. Siku hizi ni kamera na mistari ya mwili, ambayo hailingani kwa wanyama wawili.

Mengine kwa haraka. Shuka uwanja wa ndege wa Bhopal, nenda Madhai, lango la hifadhi. Mto Denwa unavukwa kwa boti na gari linakusubiri ng'ambo, kwa hiyo fika kabla ya jua. Hifadhi hufungwa Julai hadi Septemba, na Jumatano jioni hakuna zamu, yaani mzunguko wa gari wa kutazama wanyama. Aprili hadi Juni joto hupita nyuzi 40, lakini majani yamepukutika na wanyama wako kwenye maji. Januari beba koti zito na glavu. Gari ni la wazi.

Lipia zamu sita, si mbili, na uombe eneo la Churna ndani ya hifadhi: kijiji kilihamishwa, mashamba yakageuka nyasi, wanyama wanaokula nyasi wakafuata. Kibali huandikwa kwa namba ya pasipoti, na tarakimu moja ikikosewa unarudishwa getini. Anayetoka Kenya au Uganda abebe kadi ya homa ya manjano, sindano iwe imechomwa angalau siku 10 kabla. Bila kadi unaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na zamu ulizolipia zitapita ukiwa humo.