Si kweli kwamba maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano

Kwenye semina za uongozi na mauzo hurudiwa kila mara kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya ujumbe, sauti 38, uso na mwili 55. Takwimu hizo zimetokana na majaribio mawili ya mwaka 1967 ya Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles.

Lakini tazama alichopima. Washiriki walisikia neno moja moja lililorekodiwa, kwa mfano "labda", likitamkwa kwa sauti ya kupenda, ya kawaida au ya kuchukia. Jaribio la pili liliongeza picha za nyuso. Kisha wakakisia: msemaji anampenda anayeambiwa, au hampendi? Basi. Hapakuwa na hoja wala maelekezo.

Mehrabian mwenyewe ameandika kwamba hesabu yake inahusu hisia na mitazamo pekee. Hapo ina mashiko: mtu akikwambia "sijakasirika" huku amenuna, utauamini uso. Lakini muuguzi akikueleza "kidonge kimoja kutwa mara tatu, baada ya kula", tabasamu lake halikwambii dozi. Inaniuma kuona vijana wakifundishwa namna ya kusimama na kupunga mikono, huku walichokuja kusema hakijaandaliwa.