Kuku zinakufa? Mbele ya kununua antibiotike, leta labo

Tangu baridi ianze, malalamiko inayofika kwa labo yetu hapa Lubumbashi ni ileile: "nimetia antibiotike kwa maji na kuku bado zinakufa." Tunajua bafugaji bako na nia nzuri. Lakini kutia dawa mbele ya kujua ugonjwa, hapana, tuache hiyo kabisa.

Kuhara kijani haimaanishi kila mara bakteria. Ugonjwa ya Newcastle inaharisha kijani pia, na ni virusi, hakuna antibiotike inaiponyesha. Tulishasema hii mara nyingi.

Tifoide ya kuku inapiga sana kuku kubwa: ukipasua, ini imevimba, rangi ya shaba yenye kijani. Vifaranga ya wiki mbili tatu, mavi nyeupe imegandamana huko nyuma, fikiria pulorumu (ugonjwa ya bakteria ya vifaranga), na hiyo inapita kwa yai toka kwa mama, kwa hiyo uliza vifaranga vilitoka wapi, hata kama ni za Zambia zilipita Kasumbalesa. Koriza, mafua ya kuku ya bakteria, inavimbisha uso, pua inanuka, mayai inashuka. Halafu kuko E. coli, bakteria ya matumbo, njo ya baridi hii: mutu anafunga poulailler yote, anawasha mbabula, amonia ya mavi inachoma mapafu, bakteria inaingia, ukipasua unakuta ngozi nyeupe-manjano juu ya moyo na ini.

Lakini macho peke haitoshi, dalili zinafanana. Leta kuku tatu mpaka tano, zenye kuugua zingali hai ao zimekufa sasa hivi, hapana zenye kuoza. Zenye kufa, tia kwa sachet mbili, ndani ya kisanduku yenye barafu, usitie kwa congélateur, na ulete siku ileile, MBELE ya kutoa dawa yoyote, juu dawa inaficha bakteria. Andika kwa karatasi: umri, hesabu ya kuku, zenye kufa kila siku, vaksini, dawa. Kuotesha bakteria ni saa 24 mpaka 48 kwa joto ya digri 37, antibiogramu (kupima dawa gani inaua bakteria hiyo) siku ingine juu yake, salmonela, bakteria ya tifoide na pulorumu, inaweza kupitisha siku hizo. Usitupigie simu jioni ileile tafazali, bakteria haioti kwa haraka yako.

Kupeleka kuku yenye kuugua ku soko, inspekta anaweza kuikamata na kuiharibu yote, na hasara ni yako, usije kwetu kuomba karatasi. Kuku yenye kunywa dawa, fuata siku za kungojea zenye kuandikwa kwa boîte mbele ya kuuza nyama ao mayai. Na yenye ilipona tifoide inaweza kubaki na bakteria muda murefu, usiichanganye na kundi mupya.